Miezi 36 ya GI Bill: namna ya kulipia chuo cha uuguzi ukitoka jeshini Marekani

Umevua sare, hati ya kuachishwa jeshi, DD-214, iko mkononi, na umekata shauri kusomea uuguzi. Vijana wengi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo waliingia jeshi la Marekani kwa kadi ya kijani, na wengine kwa mpango wa MAVNI, ulioanza 2008 na kusimamishwa 2016, ambao ulikiweka Kiswahili katika orodha ya lugha zilizotafutwa. Wakitoka jeshini wanakuta shangazi, dada na majirani wanafanya kazi hospitalini au kwenye nyumba za wazee. Kazi ipo, na mshahara wa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, unatosha kulea watoto hapa na kumshika mkono mama kule nyumbani. Kinachobaki ni karo.

Karo hiyo inaweza kulipwa yote na ukamaliza bila deni. Lakini wapo wanaomaliza fedha za serikali kabla hawajaingia hata wodini, kisha wanachukua mkopo wa kumalizia. Tatizo lao huwa ni mpangilio, kwa maana fedha zilikuwepo. Serikali haikupi fungu la dola, inakupa miezi. Kila mwezi unaousomea somo la bei nafuu ni mwezi ambao hutakuwa nao utakapofika kwenye mafunzo ya gharama kubwa. Ukishika hilo tu, mengine yote katika mwongozo huu yatakaa mahali pake.

Kilichomo ndani ya GI Bill

GI Bill ya kwanza ilitiwa saini na Rais Roosevelt mwaka 1944. Unayoihitaji wewe, kama ulitumikia baada ya 10 Septemba 2001, ni Post-9/11 GI Bill, iliyoanza kulipa Agosti 2009. Inakupa miezi 36, yaani miaka minne ya masomo ya miezi tisa tisa. Kiwango chako kinapimwa kwa muda uliotumikia kikamilifu: siku 90 hadi miezi sita ni asilimia 50, kisha kinapanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 100 kwa aliyefikisha miezi 36. Aliyeachishwa kwa ulemavu uliotokana na utumishi baada ya siku 30 mfululizo, au aliyepewa nishani ya Purple Heart, anapata asilimia 100 bila kuhesabiwa miezi.

Kwenye chuo cha umma, asilimia 100 maana yake ni karo yote ya mkazi wa jimbo, inayotumwa moja kwa moja chuoni. Kwenye chuo binafsi kuna kikomo. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 28,937, na hupandishwa kidogo kila Agosti. Vitabu ni hadi dola 1,000 kwa mwaka. Juu ya hayo kuna posho ya nyumba ya kila mwezi, sawa na ile ya mwanajeshi wa cheo cha E-5 mwenye familia, kwa kufuata eneo la chuo unakosomea na si mtaa unaoishi. Ili uipate lazima usome zaidi ya nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo.

Zingatia hili: ukisoma kwa intaneti peke yake, posho hushuka hadi nusu ya wastani wa taifa, zaidi kidogo ya dola 1,100. Lakini ukichukua somo moja tu la kuhudhuria darasani, unalipwa kwa kiwango cha eneo la chuo. Ukikaa karibu na Boston au Seattle, somo hilo moja linaweza kuwa kodi yako ya nyumba. Muulize mapema ofisa wa chuo anayeshughulikia wanajeshi wa zamani kama programu unayoitaka ina somo la namna hiyo.

Kama uliachishwa jeshi tarehe 1 Januari 2013 au baadaye, haki hii haina mwisho. Walioachishwa kabla ya hapo wana miaka 15. Na soma DD-214 yako vizuri. GI Bill inataka neno «honorable» peke yake. Aliyeandikiwa «general under honorable conditions» hapati kwa kipindi hicho cha utumishi, ingawa bado anaweza kuomba hadhi hiyo ibadilishwe.

Maombi yenyewe ni rahisi: fomu 22-1990 kwenye tovuti ya VA, Idara ya Maveterani. Utaletewa barua ya kuthibitisha haki yako, nawe utaipeleka chuoni. Usingoje wiki ya kufungua chuo. Ukikwama, simu ya GI Bill ni 888-442-4551.

Kabla hujaugusa mwezi hata mmoja, jiulize kuhusu ulemavu

Hapa ndipo watu wetu wanapopoteza fedha nyingi zaidi, na inaniuma kusema hivyo kwa sababu chanzo chake ni malezi mema. Tumefundishwa kuvumilia. Goti linauma tangu mafunzo ya kuruka, masikio yanavuma tangu kwenye uwanja wa shabaha, mgongo haulali usiku, lakini mtu anatoka jeshini bila kuandikisha chochote kwa sababu hataki kuonekana mlalamishi. Ndugu yangu, kuandikisha maumivu uliyoyapata kazini si kuomba sadaka. Ni malipo ya jasho lako. Nenda kwa vyama vya wanajeshi wa zamani: DAV, American Legion au VFW. Wana watu waliosomea kazi ya kujaza madai hayo, na hawatozi kitu.

VA ikikupa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 au zaidi, mlango wa VR&E unafunguka. Huu ni mpango tofauti na GI Bill, ulio chini ya Sura ya 31, na shabaha yake ni kumwezesha mwenye ulemavu wa kijeshi kupata kazi inayomfaa. Kwa mwanafunzi wa uuguzi una ukarimu wa ajabu: hulipa karo yote na vitabu vyote bila kile kikomo cha dola 1,000, pamoja na vifaa vinavyodaiwa na chuo, yaani sare za wodini, viatu, stethoskopu, hata kompyuta ikihitajika. Kwa kawaida unakwenda hadi miezi 48.

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyajua wakiwa wamechelewa. La kwanza, kwa utaratibu wa VA wa sasa, miezi unayosomeshwa na VR&E kwanza haikatwi kwenye ile 36 ya GI Bill. Unaweza kumaliza shahada ya uuguzi kwa VR&E na ukabaki na GI Bill kwa ajili ya shahada ya uzamili. La pili, posho ya kujikimu ya VR&E ni ndogo, lakini mwenye haki ya Post-9/11 iliyobaki, hata ya siku moja, anaruhusiwa kuchagua alipwe kwa kiwango cha posho ya nyumba ya GI Bill. Aliyemaliza miezi yote 36 kabla ya kubisha hodi VR&E hana chaguo hilo tena. Unaona kwa nini mpangilio ni kila kitu.

VR&E hapewi kila aombaye. Utakutana na mshauri, naye ataamua kama ulemavu wako unakuzuia kupata au kushika kazi, na kama uuguzi ni njia ya kutoka hapo. Jiandae kwa swali moja gumu: «Mgongo wako ni mbovu, utawezaje kuinua wagonjwa?» Ukibabaika, utaambiwa utafute fani nyingine. Jibu lipo, na ni la kweli. Muuguzi wa leo hafungwi na kitanda cha mgonjwa. Yuko kliniki za nje, afya ya akili, usimamizi wa wagonjwa wa sukari na presha, ushauri wa simu, ukaguzi wa mafaili ya bima. Nenda na matangazo ya kazi ya eneo lako yaliyochapishwa, yanayoonyesha nafasi hizo na mishahara yake. Nenda na barua ya daktari inayosema unachoweza kufanya. Mshauri anahitaji kitu cha kuweka kwenye faili, nawe mpe.

Masomo ya utangulizi ndiyo yanayokula miezi

Chuo cha uuguzi hakikupokei siku ya kwanza. Kinataka kwanza anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, takwimu, saikolojia, Kiingereza, na pengine kemia. Hiyo ni mihula miwili au mitatu. Kisha unaomba nafasi, na vyuo vingi vya jamii vina foleni. Unaweza kungoja mwaka. Ukianza kutumia GI Bill kwenye masomo haya, na kujaza mihula ya kungoja kwa masomo mengine ili posho isikatike, miezi 36 itakuwa imefika ukingoni huku bado unajifunza kutoa dawa. Tena VA hulipia tu masomo yanayohitajika katika programu uliyoandikishwa. Somo la kujaza nafasi halithibitishwi, na likithibitishwa kimakosa, deni ni lako.

Kwa hiyo, kama una kazi au mwenzi anayefanya kazi, lipia masomo ya utangulizi kwa ruzuku ya Pell na uiache GI Bill ilale. Pell haina marejesho; ya juu kabisa kwa 2024/25 ilikuwa dola 7,395, na kwenye vyuo vingi vya jamii hiyo inatosha karo ya mwaka mzima na chenji inabaki. Unaiomba kwa fomu ya FAFSA. Mwanajeshi wa zamani huhesabiwa mtu anayejitegemea, hivyo mapato ya wazazi hayaulizwi, na fedha za GI Bill hazihesabiwi kuwa mapato. Raia anapata, na mwenye kadi ya kijani pia. FAFSA huangalia kodi ya miaka miwili nyuma, wakati ulipokuwa ukipokea mshahara wa jeshi. Ikikuonyesha kama tajiri, usinyamaze. Nenda ofisi ya misaada ya fedha chuoni na DD-214 na hati ya mapato yako ya sasa, uombe hesabu ifanywe upya. Wana mamlaka hayo.

Pell na GI Bill unaweza kuzipokea pamoja, hivyo jaza FAFSA kila mwaka hata ukiwa unalipiwa karo yote. Wapo walioiacha miaka minne wakidhani ni dhambi kula mara mbili. Si dhambi. Sheria inaruhusu.

Kama huna kipato kingine chochote na posho ya nyumba ndiyo itakayowaweka watoto chini ya paa, basi ushauri huu una mipaka. Tumia GI Bill tangu muhula wa kwanza, lakini chagua njia fupi: shahada ya miaka miwili ya uuguzi, ADN, kwenye chuo cha jamii. Ukifaulu mtihani wa leseni, NCLEX, wewe ni RN kamili. Kuongeza hadi shahada ya kwanza, BSN, utaongeza ukiwa kazini, na hospitali nyingi hulipia. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi.

Kabla ya kuandikisha somo lolote, omba pia hati ya masomo ya jeshi, JST, au ile ya Community College of the Air Force kama ulikuwa jeshi la anga. Aliyekuwa tabibu wa Army au corpsman wa Navy ana masomo ambayo chuo kinaweza kuyakubali, na aliyekuwa 68C ana leseni ya LPN, muuguzi wa ngazi iliyo chini ya RN, tayari. Huyo aombe programu ya kuvuka kutoka LPN kwenda RN, asianze na wanaoanza.

Na wewe uliyekuwa muuguzi huko nyumbani, uliyehitimu KMTC ya Kenya au chuo cha Tanzania kisha ukaja Marekani na kuishia CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, usikimbilie darasani. Peleka vyeti vyako CGFNS vikadiriwe, na uiulize bodi ya uuguzi ya jimbo lako kama unaweza kufanya NCLEX bila kusoma upya. Wenye diploma ya uuguzi iliyokamilika huweza kukubaliwa, au huambiwa waongeze somo moja mawili. Hapo miezi yako 36 yote inabaki kwa BSN na uzamili. Kurudia shule ya uuguzi tangu mwanzo kwa kutojua hili ni hasara ninayotamani kila mmoja aepushwe nayo.

Kuchagua chuo

Chuo kinaweza kukubaliwa na VA na bado kikawa kibovu. Angalia mambo matatu: kimeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo, kina ithibati ya CCNE au ACEN, na wahitimu wake wanafaulu NCLEX kwa asilimia ngapi mara ya kwanza. Takwimu hizo bodi huzichapisha wazi. Vyuo vya Corinthian vilifungwa 2015 na vya ITT Tech 2016, vikiwaacha wanafunzi wengi, wanajeshi wa zamani wakiwemo, bila shahada. Januari 2023 wapelelezi wa FBI walifichua shule tatu za Florida zilizouza diploma bandia zaidi ya 7,600 za uuguzi, kwa dola 10,000 hadi 15,000 kila moja. Ukiambiwa kanisani au kwenye sherehe kwamba kuna shule isiyo na wodi wala mitihani, kimbia, hata anayekuambia akiwa binamu yako.

Sheria ya 2014 inavilazimu vyuo vya umma kumtoza mwenye GI Bill karo ya mkazi hata akiwa amehamia jana. Kwa chuo binafsi, tafuta kilicho kwenye Yellow Ribbon. Chuo na VA hugawana kile kinachozidi kikomo, ila lazima uwe kwenye asilimia 100. Majimbo nayo yana misaada yake. Texas, kwenye jamii zetu kubwa za Dallas na Houston, ina Hazlewood: saa 150 za masomo bila karo kwenye vyuo vya umma, kwa aliyeingia jeshini akiwa mtu wa Texas na kutumikia siku 181 au zaidi. Hiyo ni fedha nyingine ya kuweka foleni baada ya GI Bill.

Aliyetumikia vipindi viwili na kuchangia dola 1,200 za Montgomery GI Bill asome hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Aprili 2024, Rudisill dhidi ya McDonough. Anaweza kuwa na miezi 48. Wa Guard na Reserve waulize kuhusu Sura ya 1606 na msaada wa karo wa jimbo. Na kama bado uko kazini na unafikiria kumpa mke au mtoto miezi yako, ombi hilo hufanywa ukiwa ndani ya sare, ukiwa na miaka sita ya utumishi na kukubali minne zaidi. Ukishatoka, basi.

Desemba, Januari na simu za nyumbani

Posho ya nyumba hailipwi wakati wa likizo kati ya mihula, na hulipwa mwezi ukishapita. Chuo kikifunga katikati ya Desemba, mwanzoni mwa Januari unapata nusu ya Desemba. Kikifungua katikati ya Januari, mwanzoni mwa Februari unapata nusu ya Januari. Na Januari kwetu ndiyo mwezi wa karo, sare mpya, madaftari, na simu kutoka kila pembe ya ukoo. Waambie mapema, tangu Oktoba, kwamba Januari hutatuma kitu, au utatuma kidogo, na uwaambie lini utatuma. Watakuelewa kuliko unavyodhani. Weka akiba ya mwezi mmoja wa kodi kabla ya Desemba, na omba zamu za CNA wakati wa likizo. VA pia ina kazi za muda kwa wanafunzi, zisizokatwa kodi, mara nyingi ndani ya chuo au hospitali ya VA. Usizidharau, kwa sababu muuguzi mkuu aliyekuona ukifanya kazi vizuri hukukumbuka wakati wa ajira.

Kila mwezi utatumiwa ujumbe wa kuthibitisha kwamba bado unasoma. Jibu siku hiyo hiyo. Ukikosa miezi miwili mfululizo, posho inasimama. Na kabla ya kuacha somo katikati ya muhula, zungumza kwanza na ofisa wa chuo, kwa maana VA inaweza kudai irudishiwe karo na posho tangu siku ya kwanza. Kama sababu ni ugonjwa, msiba au kuitwa kazini jeshini, iandike na uambatanishe ushahidi. Barua ya deni ikija, ijibu ndani ya siku 30. Wanaoiweka drooni ndio wanaokatwa fedha zote kwa mkupuo.

Ukikaribia mwisho na bado hakutoshi, kuna Nurse Corps, mpango wa serikali kuu unaolipa karo na posho kwa ahadi ya kufanya kazi angalau miaka miwili kwenye hospitali yenye upungufu mkubwa. Wenye kadi ya kijani wanakubaliwa. Kama tayari una mkopo, mpango wake wa pili hulipa asilimia 60 ya deni kwa miaka miwili. VA yenyewe ina ufadhili kwa wanaokubali kufanya kazi kwenye hospitali zake, na kwa wafanyakazi wake wanaotaka kupanda ngazi. Kuna pia Edith Nourse Rogers, nyongeza ya hadi dola 30,000 kwa anayekaribia kumaliza miezi yake akiwa katikati ya shahada ndefu. Uliza kama programu yako imo.

NCLEX yenyewe ni dola 200, na juu yake kuna ada ya bodi ya jimbo. GI Bill hukurudishia ada ya mtihani, hadi dola 2,000, hata ukishindwa na kurudia, kwa fomu 22-0803. Ada ya kutolewa leseni hairudishwi. Tunza risiti na barua ya matokeo. Marejesho haya hukatwa kwenye miezi yako kwa kipande kidogo tu, ila kama miezi imekwisha kabisa hakuna cha kukatia, na utalipa mwenyewe.